Mtoto wa mbwa asiyechoka: nimkimbize au nimwache acheze?

SWALI: Nina mtoto wa mbwa aina ya Labrador, dume wa miezi 4. Kila jioni huzunguka nyumba kama aliyepagawa, huuma pindo za suruali na hakubali kutulia. Mimi hukimbia kilomita 6 kila asubuhi, na nilifikiri nianze kwenda naye ili nguvu hizo zimwishe. Rafiki yangu amenionya kwamba nitamharibu viungo, na kwamba mbwa wa umri huo hatakiwi kutembezwa zaidi ya dakika 5 kwa kila mwezi wa umri wake. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nifanye nini naye?

JIBU: Kuhusu kukimbia, rafiki yako amekuonya vyema, nami nakusihi usianze kwenda naye. Mifupa mirefu ya mtoto wa mbwa hurefukia kwenye tabaka jembamba la gegedu lililo karibu na ncha zake, na tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe, hata kuliko kano zinazokishikilia kiungo. Kwa hiyo pigo ambalo lingemtegua tu mbwa mzima linaweza kulijeruhi tabaka hilo kwa mtoto, na mfupa ukaendelea kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake. Kwa mbwa wa maumbo madogo, ukuaji huo kwa kawaida hukamilika kabla ya mwaka mmoja. Kwa mbwa mkubwa kama wako, subiri miezi 12 hadi 18.

Kanuni ya dakika 5 ni makadirio ya wafugaji wazoefu, haikutokana na utafiti. Inafaa kama kipimo cha matembezi ya kamba, yaani kwako ni kama dakika 20 kwa wakati mmoja, lakini haina maana kwamba muda uliobaki mnyama afungiwe. Jambo la kuangalia zaidi ni nani anayechagua mwendo. Mwachie kwenye nyasi mahali penye uzio, kisha umtazame: atatimua mbio, atasimama ghafla kunusa, atajilaza kutafuna kijiti, atainuka na kuanza upya. Hapo anajipimia mwenyewe. Akiwa kwenye kamba pembeni ya mtu anayekimbia, hurudia hatua ile ile maelfu ya mara juu ya ardhi ngumu, wala hatasimama hata akichoka, kwa sababu hamu yake ya kukufuata ni kubwa kuliko uchovu wake.

Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2012, ukihusisha aina nne za mbwa wakubwa, Labrador wakiwemo, ulionyesha kwamba waliopata nafasi ya kutembea huru kwenye ardhi laini isiyo tambarare kabisa walikuwa na hatari ndogo zaidi ya ugonjwa wa nyonga, ilhali waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kutimiza miezi 3 walikuwa na hatari kubwa zaidi. Wako ameshapita umri huo, lakini bado ningependa umbebe kwenye ngazi ndefu maadamu unamudu uzito wake, umshushe garini kwa mikono, na utandike mkeka pale anapoteleza kwenye vigae. Mchezo wa kumrushia mpira tena na tena nao uupunguze, kwa kuwa kila anapofunga breki na kugeuka, uzito wote huangukia miguu ya mbele.

Ama wazimu wa jioni, mara nyingi huo ni uchovu. Mtoto wa mbwa huhitaji kulala saa 18 au zaidi kwa siku, na akikosa usingizi huchachamaa kama mtoto mchanga. Mpeleke mahali tulivu mapema, kabla hajaanza kuuma. Mchana, mtawanyie sehemu ya chakula chake kwenye nyasi akitafute kwa pua, au mfundishe kukaa na kungoja. Dakika 10 za kazi hiyo humtuliza vizuri ajabu.

Hukuuliza kuhusu chakula, lakini viungo haviwezi kuzungumziwa bila uzito. Katika utafiti mmoja wa Labrador 48, waliolishwa robo pungufu kuliko ndugu zao walipata matatizo machache ya nyonga na waliishi karibu miaka miwili zaidi. Sisemi umkatie robo. Ukimpapasa, mbavu zisikike kwa urahisi chini ya ngozi. Usimwongezee kalisi ukidhani unaimarisha mifupa, kwa sababu ikizidi huvuruga ukuaji wa mbwa wakubwa.

Akichechemea zaidi ya siku moja, akiamka amekakamaa, au akikimbia kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, mwone daktari wa mifugo, na kamwe usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni, kwa mfano, ni sumu kwake. Akishatimiza miezi 18 na daktari akaridhika na viungo vyake, anza kukimbia naye kwa dakika chache kwenye udongo au nyasi, siku moja ndiyo, siku moja apumzike, na uongeze umbali kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa.