Betri zikigeuzwa kwenye redio ya volti 6

Ndugu, umeuliza uweke dayodi gani (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye redio ya betri nne ndogo (volti 6), maana watoto huzigeuza.

Dayodi ya 1N4007 kwenye waya wa chanya itazuia, ila inakula kama volti 0.7. Betri zikishuka hadi volti 4.4, redio inabaki na 3.7, nayo itaanza kukoroma mapema. Dayodi ya 1N5819 ni afadhali: kwa miliampea 100 inakula kama 0.3 tu. Mstari mweupe wa dayodi uelekee redio.

Mimi ningefunga mosfeti ya P, AO3401 (swichi ndogo ya umeme yenye miguu mitatu: dreni, sosi na geti), ambayo hapo hupoteza milivolti chache. Chanya ya betri iende dreni, sosi iende redio, geti iende hasi kupitia rezista ya kilo-omu 100. Wengi huunga sosi upande wa betri kwa mazoea. Redio italia vizuri, lakini siku betri zikigeuzwa, dayodi iliyomo ndani ya mosfeti itapitisha umeme kinyume kana kwamba hukuweka kitu. Usiitumie kwenye betri ya gari. Geti lake mwisho volti 12, na betri ya gari hupita hapo ikichajiwa.

Kabla ya kufunga kasha, geuza betri zote na upime volti kwenye redio: mita isome karibu sifuri.

Betri moja tu ikigeuzwa, jumla ni volti 3, bado chanya, kinga haioni kitu. Zenzake huisukumia hiyo moja umeme kinyume hadi ivuje. Hapo dawa ni kishikio ambacho upande wa chanya kimezama, ncha bapa isiguse.