Maswali Yenu: Paka wa Rangi Tatu, Ukali Wao, na Dume Anayetafutwa na Kila Mtu

Wapenzi wasomaji, toleo lililopita nligusia kidogo tu habari za paka wa rangi tatu na meseji zikamiminika, kwa hiyo mwezi huu safu nzima ni yao. Nikisema rangi tatu namaanisha yule mwenye nyeusi, chungwa na nyeupe. Na wale ndugu zao wasio na nyeupe, ambao nyeusi na chungwa zimechanganyika mwili mzima kama gamba la ng'amba, nao wamo humu humu. Wazungu wamewaita hao kwa jina la gamba lenyewe, lile lililokuwa likitengenezewa vitana na vipini, na gamba hilo lilikuwa likisafirishwa kutoka pwani yetu hii tangu zama za Wagiriki na Warumi. Kwa hiyo tukiwaita paka wa ng'amba hatujakopa kwa mtu.

Shikamoo Shangazi. Nina paka jike wa rangi tatu, nilimchukua ameshakuwa mkubwa kidogo. Anakuja mwenyewe mapajani, anajisugua, anakoroma vizuri kabisa, alafu ghafla ananing'ata mkono na kukimbia. Jirani yangu anasema hawa ndo walivyo, wana roho mbaya, nimtoe nilete wa chungwa maana wale wapole. Ni kweli? – Mama wa Wawili, Tanga

Marahaba mwanangu. Usimtoe.

Jirani yako hayuko peke yake, maneno hayo yapo dunia nzima, na watu wa chuo wameshayafuatilia. Kule California, chuo cha Davis waliwauliza wenye paka zaidi ya 1,200 jinsi paka zao wanavyofanya wakishikwa, wakipelekwa kwa daktari, wakiwa nyumbani tu. Kweli wenye paka wa rangi tatu na wa ng'amba walisema wao wanapata makucha na meno kidogo zaidi. Ila soma vizuri: hata wenye paka weusi kwa weupe na wa kijivu kwa weupe walisema hivo hivo, na mbona hao hakuna anayewatangaza mtaani kuwa wana roho mbaya? Tena hakuna mtu aliyekwenda kumwangalia paka hata mmoja, ni majibu ya wenyewe. Na miaka michache kabla ya hapo, 2012, wenzao wa Berkeley walikuwa wameonyesha kwamba watu wana picha kichwani tayari, wa chungwa ni rafiki, wa rangi tatu hana subira, mweupe anajitenga. Ukiwa na picha hiyo, paka wa chungwa akikung'ata utasema alikuwa anacheza, wa rangi tatu akikung'ata utasema si nlikwambia.

Alafu kuna kitu watu wanasahau. Paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na wa chungwa wengi wao ni madume. Sasa unamchukua jike aliyezalia chini ya ngazi, ana watoto wanne wa kulinda na kila mtoto wa mtaa anataka kuwashika, unamlinganisha na dume aliyehasiwa anayelala juu ya friji kutwa, unasema ni rangi. Hiyo si rangi jamani.

Tuje kwa wako. Mimi ninaye Kidoti, wa ng'amba, ana alama ya chungwa puani kama tone la mchuzi. Jioni baada ya Alasiri anakuja kukaa nami barazani. Nikimpapasa mara ya kwanza anafumba macho. Ya pili anakoroma. Ya tatu au ya nne, ncha ya mkia inaanza kugonga saruji, tap, tap, taratibu, ngozi ya mgongo inapita kama upepo umegusa maji, na masikio yanageukia pembeni. Hapo hapo nikiinua mkono anabaki amelala na mimi mpaka Magharibi. Nikiongeza mara moja tu, meno. Hana hasira na mimi, ameshiba mkono wangu na ameshasema mara tatu kwa lugha yake. Wako naye anasema, wewe mwangalie mkia badala ya kumwangalia uso. Mguse kichwani na chini ya kidevu, tumbo achana nalo, na umwache yeye ndo aombe tena.

Na hilo la kumchukua akiwa mkubwa ni kubwa kuliko rangi yote aliyonayo. Kitoto cha paka kinajifunza kumzoea binadamu kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi. Aliyeshikwashikwa na mikono ya upole kipindi hicho anakuwa mtu wa watu, aliyekosa anabaki na wasiwasi hata umpende vipi, ingawa anaweza kujifunza polepole. Hata tabia ya baba inachangia, dume jasiri huzaa watoto jasiri hata kama hakuwahi kuwaona. Kwa hiyo wako anakuja mapajani mwenyewe baada ya kuchelewa hivyo? Mwanangu, huyo amekupenda sana.

Shangazi hujambo. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa. Kuna paka amezaa kwenye duka la shemeji, mmoja ni rangi tatu na rafiki yangu anaapa ni dume na eti dume wa rangi tatu anauzwa hela nyingi sana ng'ambo. Nimzuie asichukuliwe? Na mbona wanasema madume hawapo? – Dere wa Kisauni

Sijambo mwanangu. Kwanza mgeuze umwangalie, maana watoto wa paka wanachanganya. Inua mkia: dume vile vitundu viwili ni kama nukta mbili zimeachana, moja juu moja chini. Jike zimekaribiana sana na cha chini kimekaa kama mstari mdogo wa wima. Mlinganishe na nduguze walewale ndo utaona tofauti. Mia kwa mia karibu utakuta ni jike.

Sababu yake mimi naipenda sana, nivumilie. Ndani ya kila seli kuna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Jike ana kromosomu X mbili, ya mama na ya baba, dume ana X moja na Y moja. Kinachoamua chungwa au nyeusi kimekaa kwenye X. Dume basi ana nafasi moja, ama chungwa ama nyeusi, basi. Jike anaweza kubeba zote mbili, X hii inasema chungwa na ile inasema nyeusi. Sasa akiwa bado kijitonge cha seli tumboni, kila seli inazima X moja na kubaki na nyingine, na haichagui kwa mpango wowote, alafu watoto wote wa seli ile na wajukuu wanafuata uamuzi uleule. Kwa hiyo kila baka unaloliona ni ukoo. Huku ukoo wa chungwa, kule ukoo wa nyeusi, na mipaka yao ndo hiyo unaigusa kwa kidole. Paka wenyewe ndo waliotoa siri hii: mwaka 1949 huko Kanada, Murray Barr na mwanafunzi wake waliona kidoti cheusi ndani ya seli za neva za paka majike ambacho madume hawana, na hicho kidoti ni ile X iliyozimwa. Mwaka 1961 Mary Lyon wa Uingereza ndo akaeleza kwamba moja inazimwa, akitumia panya. Jeni yenyewe ya chungwa ilikuwa bado haijashikwa mpaka juzi juzi, timu mbili, ya Kyushu Japani na ya Stanford Marekani, zikakuta kila mmoja kwa upande wake kwamba paka wa chungwa amepungukiwa kipande cha DNA cha herufi kama 5,000 karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Ikachapishwa 2025.

Nyeupe nayo si rangi, ni pahala seli za rangi hazikufika. Zinaanzia mgongoni zikishuka kuelekea tumboni na miguuni, zikiwa chache njiani basi vidole na tumbo vinabaki vyeupe. Ndo maana paka mwenye nyeupe nyingi mabaka yake ni makubwa na yametengana, seli chache zimefika na kila moja imetanua ukoo wake, wakati wa ng'amba amechanganyika kama mchele na choroko.

Dume wa rangi tatu yupo, kama mmoja kwa kila paka 3,000 wa rangi tatu. Wengi wao wamezaliwa na X mbili pamoja na Y, na karibu wote hawazai. Sasa nani atoe hela nyingi kwa paka asiyezaa? Hizo ni hadithi za vijiweni. Shemeji amwachie mama awanyonyeshe wote mpaka wiki ya 8, akiwa jike akiwa dume atafutiwe nyumba tu ya watu wema. Na ikitokea kweli ni dume, niandikie, nitafurahi mno.

Shangazi, paka wangu wa rangi tatu amezaa majike watatu: mmoja mweusi tii, mmoja chungwa mtupu, mmoja kama mama. Mume wangu anasema baba ni yule shume mweusi wa hapo gengeni. Mimi sielewi huyu wa chungwa katoka wapi. – Msomaji wa Mbagala

Una jicho kali dada. Binti anachukua X moja kwa mama na moja kwa baba. Ili binti awe chungwa mtupu lazima zote mbili ziseme chungwa, kwa hiyo baba yake ni wa chungwa. Ili awe mweusi mtupu lazima zote mbili ziseme nyeusi, kwa hiyo baba yake si wa chungwa. Baba mmoja hawezi kuwazaa hao wawili. Wapo madume wawili, na hilo kwa paka ni jambo la kawaida kabisa, mayai yanatoka mengi na anapandwa na zaidi ya mmoja siku zilezile. Shume wa gengeni huenda ana mmoja au wawili hapo, ila zunguka mtaani kwako, kuna wa chungwa pahala. Huyo anayefanana na mama ndo siwezi kukwambia ni wa nani, wote wawili wangeweza kumzaa.

Ukishamaliza kumtafuta, mpeleke mama akafungwe kizazi watoto wakishaacha ziwa. Mimba yao ni kama siku 63 tu na anaweza kubeba tena hata kabla hawajaacha kunyonya.

Salamu kutoka Texas. Paka wetu wa rangi tatu amefariki, aliishi na sisi miaka 14, tulihama naye nyumba tatu. Mwanangu ameona mtandaoni kuna watu wanakopi paka, wanatengeneza mwingine yuleyule. Anataka tuchange. Nimwambie nini?

Pole sana, poleni nyote. Miaka 14 huyo ni mtu wa nyumbani.

Mwambie mwanao kwamba kopi ya kwanza kabisa ya paka ilitengenezwa hapohapo Texas, chuo cha Texas A&M, na aliyekopiwa alikuwa ni wa rangi tatu, jina lake Rainbow. Kopi ikazaliwa tarehe 22 Desemba 2001, wakaiita CC. Urithi ni uleule wa Rainbow, ila alipotoka alikuwa milia ya kahawia na nyeupe, chungwa hakuna hata unywele mmoja. Ile seli waliyoichukua kwa Rainbow ilikuwa imeshazima X ya chungwa, na haikuiwasha tena. CC akaishi maisha yake vizuri, akazaa 2006, akafa 2020 na miaka 18, lakini hakuwa Rainbow. Mabaka ya paka wenu yalipangika mara moja, tumboni mwa mama yake, na hata mama yuleyule asingeweza kuyarudia. Mkitunza picha mtatunza kitu ambacho hela hainunui. Na mwanao akilia mwache alie.

Shkamoo Shangazi. Nina miaka 12, nakaa Lamu na bibi. Kuna kitoto cha paka cha rangi tatu kwenye majahazi, mama yake hatumuoni siku mbili. Bibi anasema rangi nyingi ni mkosi, nisikilete. Tafadhali nijibu haraka.

Marahaba mjukuu wangu. Msomee bibi haya, kwa adabu.

Bibi, shikamoo. Japani mabaharia walikuwa wakipenda kusafiri na paka wa rangi tatu kwa kuamini analeta heri chomboni. Na kulikuwa na mmoja anaitwa Tama, stesheni ndogo ya treni ya Kishi ilikuwa inakaribia kufa, mwaka 2007 wakamfanya mkuu wa stesheni, wakamvalisha na kofia, watu wakaja kutoka kila pahala kumwona na njia ile ikapona. Alipokufa 2015 nafasi yake akapewa wa rangi tatu mwingine. Nami sisemi rangi inaleta heri, kama nisivyosema inaleta mkosi. Ila wewe unaijua kuliko mimi ile hadithi ya Mtume kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu, na haikutaja rangi.

Sasa mjukuu wangu, kabla hujakichukua kaa mbali kidogo utazame, mama yake huenda anakuja usiku kukiwa kimya. Kama kweli haji, kifunge kwenye kitambaa kikavu, kipate joto kwanza ndo chakula, kitoto chenye baridi usikilishe. Maziwa ya ng'ombe yatakiharisha, muulize daktari wa wanyama hapo mjini maziwa ya vitoto vya paka, na umwonyeshe kitoto chenyewe. Kama macho yamefunguka na anajaribu kutembea basi ana wiki mbili tatu, umempata wakati mzuri kabisa, mshike kila siku kidogo kidogo, na bibi naye amshike.