Kabla hujajaza fomu ya mwanafunzi wodini

Ndugu zangu mnaoanza kusimamia wanafunzi wa udaktari na utabibu, kuna jambo nililijifunza kwa kuchelewa hapa Tabora.

Mwaka wangu wa kwanza niliwajazia fomu za tathmini wanafunzi 11 siku ya mwisho, kwa kumbukumbu tu. Kijana mmoja alikuwa hodari wa kujibu maswali kwenye raundi, tunapopita kuwaona wagonjwa, nikampa "vizuri sana" kila mstari, hata kwenye kunawa mikono, ambako sikuwahi kumwangalia. Binti mmoja mkimya nikampa wastani.

Waliporudi wodi ya watoto, nikakaa pembeni ya kitanda nikawatazama wakimpima mtoto wa malaria. Kijana akabonyeza chini ya mbavu za kushoto, akasema bandama haijavimba. Binti akapasha viganja, akaanzia chini kulia mwa tumbo, akapanda taratibu akifuata pumzi za mtoto. Ukingo wa bandama ukamgusa vidoleni karibu na kitovu. Mwenzake alikuwa ameuweka mkono juu ya bandama yenyewe bila kujua! Maksi zangu zilikuwa zimepima ulimi.

Lakini msikimbilie kuhukumu kwa mgonjwa mmoja pia. Bibi akitoka Uyui na kujieleza kwa Kinyamwezi tu, mwanafunzi anayejua kujibu salamu ya "mwangaluka" atapata historia yote, na mwenzake atahangaika na mkalimani. Wabadilishie mgonjwa, na mambo yanaweza kugeuka. Ndiyo maana mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, walitangaza mtihani wa vituo: kila mwanafunzi anapita kazi zilezile, na mtahini hubadilika kila kituo. Ndiyo maana pia John Norcini na wenzake Marekani, mwaka 1995, waliandika juu ya kumtazama daktari mwanafunzi kwa muda mfupi, mara nyingi, kwa wagonjwa na wasimamizi tofauti.

Kuhusu huruma, nawasihi: ukimpitisha asiyeweza, anayelipa ni mgonjwa wa zahanati atakayopangiwa, ambako hakuna daktari mwingine karibu.

Mimi sasa natembea na daftari dogo mfukoni mwa koti. Naandika palepale: tarehe, kitanda, mikono ilifanya nini. Nawauliza na wauguzi wa zamu ya usiku, maana wao huwaona wanafunzi saa ambazo hakuna raundi.