Kiuno kimegoma baada ya kubeba gunia
SWALI: Dokta shikamoo. Mi nabeba magunia ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, juzi nimeinama kunyanyua nikasikia kama kitu kimekatika kiunoni, jamaa wanasema ni kano za mgongo, hivi hizo kazi yake nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kano ni kamba ngumu zinazofunga pingili za mgongo zisiachiane, moja ndefu inapita mbele inakuzuia usipinde nyuma kupita kiasi, nyingine iko nyuma ya pingili, na zipo za kwenye vile vinundu unavyovigusa mgongoni, hizo ndo zinavutika ukiinama. Ila ninayoipenda mi ni ile ya njano, njano kweli, imejaa nyuzi za kuvutika kama mpira wa manati, ukiinama inarefuka ukisimama inarudi bila kujikunja ikabana neva. Sasa we unainama miguu imenyooka af unajigeuza na gunia, hapo ni rahisi kuumia, na kano hazipati damu nyingi so kupona ni taratibu, wiki kadhaa. Inaweza ikawa misuli pia, bila kukupima siwezi kusema. Acha mizigo kwanza ila usilale kutwa, tembea. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, hospitali siku hiyohiyo.