Hesabu vitenzi kabla hujatafuta kishazi

Wanafunzi ninaowafundisha tuisheni wakiambiwa watenganishe kishazi huru (chenye kitenzi na kinachosimama peke yake) na kishazi tegemezi (chenye kitenzi lakini kisichosimama peke yake) katika sentensi ya Kiingereza, wengi hukimbilia koma. Koma haiamui chochote. "When the rain stopped, we went to the farm" ina koma. "We went to the farm when the rain stopped" haina, na vishazi ni vilevile.

Mimi huwaambia waanze na vitenzi. Pigia mstari kila kitenzi chenye wakati na kiima chake, yaani nani au nini kinachozungumziwa na kitenzi hicho. "Has been reading" ni kitenzi kimoja, si vitatu. "Running" peke yake au "to buy" usivihesabu. Ukipata vitenzi viwili vya namna hiyo, tegemea vishazi viwili.

Kisha tazama neno linalofungua kila kishazi: "because", "although", "if", "unless", "who", "which" ni alama za kishazi tegemezi. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili lazima awe makini, maana sisi mara nyingi tunautia utegemezi ndani ya kitenzi chenyewe: alipofika, aliyevunja, ukija. Kwa Kiingereza, "arrived" ni ileile, kishazi kiwe huru au tegemezi. Alama inakaa nje. Ndiyo maana napenda sana waiseme sentensi kwa Kiswahili kwanza. Chukua hii:

"The boy who broke the window ran away."

Mvulana aliyevunja dirisha alikimbia. "Aliyevunja" imeshakuonyesha kishazi tegemezi: "who broke the window". Kimekaa katikati, kimemtenga "the boy" na kitenzi chake. Kitoe, kinabaki kishazi huru, "The boy ran away". Asiyehesabu vitenzi huikata sentensi baada ya "window", na "ran away" inabaki bila mwenyewe. Kipimo hiki cha Kiswahili hakifiki kila mahali, kwa kuwa "kwa sababu" na "ingawa" nasi tunaziweka nje ya kitenzi, lakini kwa "who", "which" na "when" kinasaidia mno.

"After", "before" na "since" zisikutishe. "After lunch we slept" ina kitenzi kimoja tu, kwa hiyo "after lunch" ni kirai, yaani fungu la maneno lisilo na kiima na kitenzi chake, si kishazi. "After we ate, we slept" ina viwili. Nayo "I know she left" haina kiunganishi chochote, kwa sababu "that" imeachwa. Aliyehesabu vitenzi anaviona vishazi viwili, anayewinda viunganishi anapitwa.

Ngumu kuliko zote ni kama "What he said surprised us." Ukitoa kishazi tegemezi, "surprised us" haisimami, na wengi hukata tamaa hapo. Uliza: nini kilitushangaza? Jibu ni "what he said". Kishazi tegemezi chenyewe ndicho kiima cha "surprised".