Mapasha wawili, baba mmoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa lori, nachukua mizigo Bukoba naipeleka hadi Masindi, Uganda. Kule wazee wakimtaja Baker wanamtaja kwa uchungu, wanasema ndiye aliyeuchoma mji wao. Juzi binti yangu kasoma shuleni kwamba Baker Pasha alikuwa kanali wa wapanda farasi aliyefukuzwa jeshini Uingereza kwa kumvamia msichana ndani ya treni, akakimbilia kwa Waturuki. Nikamwambia anakosea, naye hakubali. Nani mkweli?
– Dereva, Bukoba

JIBU: Marahaba, dereva wangu. Hakuna mwongo hapo. Mnazungumzia watu wawili waliozaliwa tumbo moja, na wote wawili waliitwa Baker Pasha; pasha ni cheo cha wakubwa wa Waturuki na wa Misri.

Wa Masindi ni Samuel, kaka mtu. Ndiye aliyelifikia ziwa Mwitanzige mwaka 1864 na kulibandika jina la Albert, kana kwamba Wanyoro walikuwa wakivua samaki kwenye ziwa lisilo na jina. Akarudi akiwa mtumishi wa mtawala wa Misri, na mwaka 1872 akatangaza kwamba Bunyoro, ufalme wa Wanyoro, ni mali ya Misri. Mfalme wao Kabalega akamtoa mbio, lakini moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Wazee wako wana haki na uchungu wao.

Wa binti yako ni Valentine, mdogo mtu. Alikiongoza kikosi cha 10 cha Hussars, wapanda farasi, kwa miaka 13, akiwa rafiki wa mrithi wa kiti cha ufalme, na kwa ujuzi wa vita vya farasi wachache walimfikia. Juni 1875 alipanda treni Liphook kwenda London, akaingia chumba cha daraja la kwanza alimokuwamo mwanamke kijana peke yake. Treni za siku hizo hazikuwa na ujia wa ndani kama hii yetu ya Kigoma: kila chumba na mlango wake, nao unafungukia nje. Yalianza mazungumzo, yakafuata mikono. Msichana akabonyeza kengele, haikufanya kazi. Akafungua mlango, akasimama nje juu ya ubao wa kukanyagia huku treni ikikata mbuga, mpaka watu walipomwona na treni ikasimamishwa Esher.

Mahakamani Croydon, Valentine alimkataza wakili wake asimhoji msichana. Wanaomtukuza wanalisimulia hilo hadi leo kama ushahidi wa uungwana. Mimi silipigii makofi. Muungwana angekaa kwenye kiti chake toka mwanzo. Akapigwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya pauni 500, na jeshi likamfukuza.

Sasa, kwa nini Mturuki ampokee? Kwa sababu Mrusi alikuwa mlangoni. Istanbul ilitaka mtu wa kuipanga polisi yake ya kijeshi, kisha vita vya 1877 vikaanza, akapewa askari wa kuongoza. Tarehe 31 Desemba mwaka huo, huko Tashkessen, Bulgaria, aliwazuia Warusi waliomzidi sana kwa idadi mchana kutwa, ili jeshi kubwa la Waturuki lipate kurudi nyuma salama. Akapandishwa kuwa ferik, yaani luteni jenerali.

Lakini aibu nayo ilikuwa na nauli. Mwaka 1882 Khedivu, mtawala wa Misri, alitaka kumkabidhi jeshi lake jipya. London, ambayo majeshi yake yalikuwa yameikalia Misri mwaka huo, ikakataa: maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakienda huko wangelazimika kumpigia saluti mfungwa wa zamani. Jeshi likapewa jenerali wa Kiingereza, Evelyn Wood, na Valentine akaachiwa polisi. Ndio polisi haohao, wasio na mafunzo ya maana wala hamu ya kwenda, alioambiwa awapeleke Sudan kuwaokoa askari wa Misri waliozingirwa na waasi mjini Tokar. Februari 4, 1884, huko El Teb, watu wa Osman Digna, kiongozi wa waasi hao, waliwavamia, polisi wakatupa bunduki. Kati ya watu wapatao 3,500 walikufa zaidi ya 2,000. Mwezi huohuo akarudi palepale na jeshi la Kiingereza, akajeruhiwa usoni.

Mapema mwaka 1885 alimzika binti yake Cairo, na wiki chache baadaye mkewe. Yeye mwenyewe alifia Tel el Kebir Novemba 1887, akiwa bado mtumishi wa Misri.

Kuhusu ubishi wenu: binti yako kashinda kwa Valentine, wewe umeshinda kwa Masindi. Soda mnunue ninyi wenyewe, ila ukipita kule tena nisalimie wazee hao.