Mkuu, usiichonge hiyo herufi kesho!

Weka patasi chini kwanza. Umesema umepakua ile alfabeti ya Master E.S. (mchongaji wa Kijerumani anayejulikana kwa herufi hizo mbili tu) ya miaka ya 1460, yenye herufi zilizosukwa kwa watu na wanyama, ukabandika “b” kwenye bamba la shaba, na kesho unaanza kuchonga ili uchape kadi za arobaini ya mtoto. Umeibandika vilevile ilivyo? Basi jiandae kupata “d”. Mimi nilipata “q”.

Mimi ni sonara. Miaka yote nimechonga pete na bangili, na pete husomwa vilevile ilivyochongwa. Bamba la kuchapia halina adabu hiyo. Wino unakaa kwenye mifereji, karatasi mbichi inalazwa juu, mashine inabana, na picha inatoka imepinduka, kulia kumekuwa kushoto. Mtu yeyote aliyewahi kushika muhuri wa ofisi analijua hili. Fundi mzima mimi, sikuliwaza kwa wiki sita.

Binti wa dada yangu, Pendo, alikuwa anaolewa. Nikasema zawadi yangu ni kadi za mwaliko zenye “p” ya Master E.S. Wiki sita, usiku baada ya kazi, lenzi jichoni, nachonga unywele mmoja mmoja. Nikanunua karatasi nzito ya pamba, shiti 60, nikakodi mashine kwa siku moja, na kwa kiherehere nikachapa zote bila hata kuitazama ya kwanza vizuri (nilidhani nimeishika kichwa chini miguu juu). Zilipokauka ndipo dada akauliza, “Kaka, huyu Q ni nani?” Herufi ambayo hata alfabeti ya Kiswahili haina!

Na hapo hakuna cha kurekebisha. Mkwaruzo mmoja kwenye shaba unaukwangua, unaulainisha, unagonga kwa nyuma, yanaisha. Picha nzima iliyogeuka unaikwangulia wapi?

Aliyenidanganya ni mwalimu wa kozi ya video, ya kulipia tena. “Bandika, fuata mistari, mabwana wa kale wamekufanyia kazi yote.” Baadaye nikagundua anachonga visu tu, hajawahi kuchapa hata leso. Nilipomwandikia akajibu kwamba kosa nalo ni sanaa. Hela yangu je, nayo ni sanaa?

Mabwana wa kale wenyewe walihangaika na jambo hili. Israhel van Meckenem, mchongaji wa Kijerumani wa karne ya 15, alinakili kazi za mwenzake Schongauer na za huyohuyo Master E.S. kwa wingi, na nakala zake nyingine zimegeuka kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo hata picha uliyopakua, hakikisha ni ya nani. Ikiwa mtakatifu anabariki kwa mkono wa kushoto, shtuka.

Kwa hiyo KIOO KWANZA. Chora kwenye karatasi inayopitisha mwanga, igeuze, ndipo uhamishie kwenye shaba. Chapa ya asili isimamishe mbele ya kioo, uchonge ukitazama kioo, usiitazame yenyewe. Ukimaliza mistari ya nje tu, paka wino uchape moja ya majaribio. Dürer, yule bingwa wa kuchonga wa Ujerumani, alifanya hivyo kwa picha yake ya Adamu na Hawa ya 1504. Chapa za majaribio zipo mpaka leo, sehemu nyingine bado mistari mitupu. Dürer! Wewe na mimi ni nani tujione tumefika?

Uliuliza pia kuhusu kunoa patasi na unene wa bamba... na la tatu lilikuwa wino? Wadau wengine watakujibu, mimi hasira zimenipanda upya. KIOO.

Kadi tulizigawa vilevile, harusi ilikuwa Jumamosi. Mpaka leo mashemeji wanamwita Qendo.